Nemo na Mwenye Nyumba Wake

 

Leo nataka tuzungumze juu ya tangi la samaki. Simaanishi lile la maji matamu lenye samaki wawili wekundu, ambalo ukilisahau siku tatu halikulalamikii. Nazungumzia tangi la maji ya chumvi, la vioo, la kuwekwa ukumbini, ambalo ndani yake mtu anataka kuweka wale samaki tunaowaita Nemo pamoja na yule kiumbe mwenye mikono mingi laini wanamojificha, yaani anemoni wa baharini. Swali ninalopewa, khasa na vijana, ni la haki kabisa. Wanasema: Mzungu wa Berlin, ambaye bahari yake ni baridi na iko mbali, anafuga Nemo chumbani kwake. Sisi matumbawe tunayo pale Bawe na Changuu, visiwa unavyoviona ukiwa umesimama Forodhani na urojo wako mkononi. Vipi sisi tushindwe?

Jibu langu la mkato ni hili. Samaki unaweza. Anemoni muache alipo. Jibu refu ndilo la kipindi cha leo.

Tuanze na huyo Nemo mwenyewe, maana hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, aliyepata umaarufu dunia nzima kwa ile filamu ya mwaka 2003, hayupo katika bahari yetu. Kwao ni upande wa mashariki: bahari ya Andaman, Indonesia, Ufilipino, mpaka kaskazini ya Australia. Hata ukizamia Mnemba mwaka mzima, humuoni. Sisi tunao wa kwetu, tena wa aina mbili. Wa kwanza wataalamu wanamwita Amphiprion allardi. Mwili wake ni wa kahawia iliyokoza, unakaribia weusi, una mikanda miwili myeupe, na mapezi ya kifuani na tumboni ni ya manjano. Mkia wake umepauka. Wa pili ni Amphiprion akallopisos, mwembamba zaidi, rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, na mstari mmoja mweupe unaoanzia baina ya macho, ukapita mgongoni mpaka kwenye mkia. Hao wawili ndio wanaoonyeshwa wageni na watembezaji wetu kwa sauti ya furaha: "Nemo huyo!" Mgeni anafurahi, mtembezaji anapata bakhshishi, na mimi sina ugomvi na yeyote kati yao. Na kwa jamaa zetu mlioko Maskati mnaotusikia kwa simu: Oman nako kuna wa kwao, amepewa jina la nchi hiyo hiyo, omanensis.

Huyu wa mstari mgongoni ana kisa kimoja kinachonifurahisha. Samaki hawa hutoa sauti, hugonga meno, hasa wanapofukuzana. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Eric Parmentier wa Ubelgiji walitoa matokeo ya kulinganisha sauti za akallopisos wa Madagaska na wa Indonesia, wakakuta zinatofautiana. Samaki ni wa aina moja, lahaja mbalimbali. Wasikilizaji wa Makunduchi, mlio na lahaja yenu, nadhani hapo mmetabasamu.

Na utaratibu wao wa ndoa, wasikilizaji, hauelezeki mbele ya watoto bila ya kuulizwa maswali. Wote huanza maisha wakiwa madume. Ndani ya anemoni mmoja huishi jozi, na pengine vijana wachache wadogo wadogo. Mkubwa kuliko wote ndiye jike, na ndiye mwenye amri. Anayemfuatia kwa ukubwa ndiye dume lake. Jike likifa, dume halitafuti mke. Dume hilo hubadilika likawa jike, na kijana mkubwa kati ya wale wadogo hupanda cheo akawa mume. Yule baba wa kwenye filamu aliyebaki mjane na mtoto wake mmoja, kwa sheria za baharini angekuwa mama kabla ya filamu kufika nusu. Mayai hutagwa juu ya jiwe, pembeni ya unyayo wa anemoni, na kazi ya kuyapepea na kuyasafisha kwa wiki nzima hivi ni ya baba. Kina mama mnaotusikiliza, hilo sikulitunga mimi.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba.

Watu wakitazama tangi huwatazama samaki, kwa sababu ndio wanaocheza. Lakini pale samaki ni mpangaji tu. Mwenye nyumba ni anemoni, naye ni mnyama, si jani wala ua, ingawa hana kichwa wala mifupa. Ana unyayo mmoja mpana ulioshika jiwe, kiwiliwili kifupi, mdomo mmoja katikati, na mikono pengine mamia kuuzunguka. Kila mkono umejaa vijishale vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye sumu, na kitu kikigusa tu vinafyatuka. Samaki mwengine mdogo akipita karibu ameliwa. Mpangaji wake hapati madhara kwa sababu ya ute maalumu unaofunika ngozi yake. Na kodi hulipwa: samaki hawa humpepea mwenye nyumba usiku hewa inapopungua majini, kinyesi chao humrutubisha, na huwafukuza samaki vipepeo, ambao baadhi yao hupenda kumla anemoni. Katika Bahari ya Shamu watafiti walijaribu kuwaondoa wapangaji, na haikuchukua muda vipepeo wakaanza kumdonoa anemoni aliyebaki peke yake. Kwa hiyo anayedhani kwamba akichukua samaki wawili tu akamwacha anemoni hajamdhuru mtu, bora afikiri tena.

Kuna jambo jengine kuhusu mwenye nyumba huyu ambalo ndilo linalowashinda wafugaji. Ndani ya mwili wake wamo mwani wadogo sana, wa kuonekana kwa hadubini tu, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia. Sehemu kubwa ya riziki yake inatoka kwa hao. Akikosa mwanga, au maji yakipata joto kupita kiasi, mwani wanaondoka, naye anapauka, anakuwa mweupe pepe. Ndiyo balaa lile lile lililoyapata matumbawe ya bahari yetu mwaka 1998, na tena 2016, bahari ilipopata joto. Katika biashara ya samaki wa mapambo huko duniani, anemoni mweupe huuzwa kwa sifa kwamba ni mzuri, anang'aa. Yule ana njaa. Kumnunua ni sawa na kununua maiti kabla ya wakati wake.

Haya, tumchukue tumpeleke nyumbani. Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, tuseme Kiponda au Mkunazini.

Mwanga kwanza. Vichochoro vyetu vilijengwa kuzuia jua, na vimefaulu. Ukumbi wa chini saa sita mchana unawasha taa ili uone sindano. Kwa hiyo anemoni atahitaji taa kali kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku, na taa kali huleta joto. Joto lenyewe ni la pili. Bahari yetu huwa baina ya nyuzi 25 na 29 kutegemea ni kusi au kaskazi, lakini bahari ni kubwa, haipandi wala haishuki kwa saa moja. Lita 200 ndani ya chumba kilichofungwa, mwezi wa Februari, hazina subira hiyo. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia kushusha nyuzi mbili tatu, lakini inakausha maji, na maji yanayokauka huacha chumvi nyuma. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaona tangi limepungua, wanaongeza maji ya bahari. Hapana. Kilichotoka ni maji matamu, kinachorudishwa ni maji matamu, safi. Ukiongeza ya chumvi kila siku, baada ya wiki chache samaki wako anaogelea ndani ya achari. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na kipima chumvi ni kifaa cha kununua kabla ya kununua samaki.

Na hayo maji ya bahari utayachota wapi? Si Forodhani, si Malindi bandarini, si Mizingani. Sote tunajua mitaro ya mji inamwaga wapi, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambao kwa miaka mingi walikaa hapo hapo mjini wakiyapima maji hayo, wamelieleza hilo vya kutosha. Maji ya tangi huchotwa mbali na pwani, bamvua likiwa limejaa, kwa madumu ambayo hayajawahi kutiwa mafuta wala sabuni. Na tafadhali, usichote kwa chombo cha shaba, hata kama ni cha bibi na kinapendeza. Shaba kidogo tu ndani ya maji inamuua anemoni. Kwa sababu hiyo hiyo dawa nyingi za kutibu magonjwa ya samaki, ambazo zina shaba ndani yake, humponya mpangaji na kumuua mwenye nyumba.

Kisha kuna umeme, na hapa naomba radhi kwa sababu nitazungumza kwa uchungu kidogo.

Tangi la chumvi ni pampu. Pampu ndiyo mawimbi, ndiyo kupwa na kujaa, ndiyo upepo. Ikisimama, maji yanasimama, na maji ya joto yaliyosimama huishiwa hewa haraka. Bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa kitu kisicho na sumu nao wanataka hewa. Wakifa, sumu inabaki. Sasa kumbukeni. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, tukakaa gizani kiasi cha mwezi. Tukasema limepita. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka mwezi wa Machi 2010. Miezi mitatu! Jenereta zikanguruma kila mlango, na mwenye friji akaigeuza kabati. Kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mmoja uliopita chini ya bahari kutoka bara mpaka Fumba, waya wa tangu 1980. Waya mpya, mkubwa zaidi, ulizinduliwa 2013, na Mungu awalipe waliouleta. Lakini kukatika kwa saa tatu nne bado hakujawa historia, na saa tatu nne za usiku wa joto zinatosha kumtoa roho kiumbe aliyezoea bahari isiyolala. Anayetaka tangi hili anunue kwanza kile kipulizio cha hewa cha betri. Bei yake ni ndogo. Anayetaka na anemoni ajiandae kwa inveta na betri zake, na hiyo bei si ndogo.

Na uzito! Hili sisikii mtu akilitaja. Lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo. Tangi la lita 300, pamoja na mawe, mchanga, vioo na meza yake, linaelekea nusu tani. Sakafu ya ghorofani ya nyumba zetu za zamani imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti hizo nyingine zina miaka mia na ushei, zimevujiwa na masika yote hayo. Tulishuhudia Disemba 2020 upande mmoja wa jumba la zamani la Beit el Ajaib ulivyoporomoka mchana. Weka tangi lako chini, au ukutani kabisa zilipoingia ncha za boriti, na usilitie katikati ya chumba. Ajabu yake ni kwamba kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe ya kale. Mkaazi wa Shangani amezaliwa ndani ya mwamba wa bahari na bado anataka kipande kingine ukumbini.

Tuseme umevuka yote hayo. Umeliacha tangi likae wiki sita bila ya samaki ili wale bakteria wakomae, kama inavyotakiwa. Umesubiri miezi sita mpaka mwaka kabla ya anemoni. Umempata. Siku ya kwanza anajikunja, anakuwa kifundo. Siku ya pili anafunguka. Siku ya tatu humuoni. Kwani anemoni hutembea. Asipopapenda mahali, anaachia unyayo wake, anateleza taratibu, na usiku wa manane anafika kwenye mdomo wa pampu, ananyonywa, anakatwa vipande vipande. Asubuhi unaamka na harufu. Maji yamekuwa ya maziwa, ute umeelea juu, na samaki wote wanahema pembeni au wameshakufa. Anemoni mmoja aliyekufa anaweza kulimaliza tangi zima kabla ya sala ya adhuhuri. Wengi wa hao wanaotolewa baharini wanakuwa wameshaumia tangu mwanzo, kwa sababu anayemng'oa huvuta, na unyayo huchanika ukabaki nusu kwenye jiwe.

Mtu ataniambia: basi haiwezekani kabisa? Inawezekana, na mfano mzuri kuliko wote haukuwa na umeme hata kidogo. Mwaka 1828 bwana mmoja wa Uskochi, John Dalyell, alichukua anemoni mdogo kutoka ufukwe wa North Berwick akamweka ndani ya chupa nyumbani kwake Edinburgh. Dalyell akafa 1851, anemoni yu hai. Akarithiwa na bwana mwengine, naye akamrithisha mwengine. Watu wa mji wakamwita Bibi, wakawa wanakuja kumtazama. Alikufa 1887, karibu miaka 60 tangu alipotolewa baharini. Siri yake? Walimbadilishia maji ya bahari kila mara, kwa mkono, na wakampa kipande cha kome mara moja moja. Lakini yule alikuwa wa bahari ya baridi, wa kwenye majabali ya pwani, asiyehitaji mwani wala taa, aliyezoea kuachwa na maji yanapokupwa. Wa kwetu wakubwa, wanaobeba kina Nemo, hawana ustahimilivu huo. Na hao nao baharini huishi miaka mingi sana, wakiachwa. Kumng'oa mmoja kwa ajili ya Idi, afe kabla ya Idi ya pili, hiyo ni hasara ambayo mwamba hauilipi upesi.

Samaki ni habari nyengine. Ndani ya tangi hakuna adui, kwa hiyo hahitaji ngome. Anaishi vizuri bila ya anemoni, anaweza hata kutaga, na mara nyingi huchagua pembe ya jiwe au chungu kilicholazwa akakifanya ndiyo kwake. Tena wale wa rangi ya chungwa wanaouzwa leo Dubai na Ulaya wengi wamezalishwa kwenye matangi, ufundi ambao Wamarekani waliufungulia njia miaka ya 1970. Hawajaitia hasara bahari ya mtu. Wenzetu wa Kenya kwa miongo kadhaa wamekuwa wakiuza nje samaki wa mapambo waliovuliwa mwambani, kuanzia Kilifi mpaka Kwale. Mimi ningependa sisi tuanzie kwenye uzalishaji. Beit el Ras tumeshajengewa kituo cha kuzalisha viumbe vya baharini, majongoo na samaki wa kula. Sioni kwa nini siku moja allardi wetu asizalishwe hapa hapa na vijana wa hapa, na akauzwa kwa jina la Zanzibar.

Lakini ukimnunua huyo wa chungwa wa mashariki ukamleta kwa ndege, na siku ukimchoka, usimmwage Forodhani kwa kisingizio cha huruma. Si wa bahari hii, na maradhi aliyonayo huyajui. Kisiwa hiki kinawajua wageni wa namna hiyo. Kunguru wanaotupigia kelele kila alfajiri na kuiba vifaranga waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Takataka zipo, na kunguru wapo.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Anayetaka kuvua samaki wa mapambo, hata wawili, aende kwanza Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi aulize kibali, asichukue maneno ya vijiweni. Anayetaka kuona mwenye nyumba na mpangaji wake pamoja, avae miwani ya kuzamia atie uso majini. Chumbe ni hifadhi tangu 1994, uvuvi hakuna, na mwamba wake uko hai. Mashua inaondoka Mbweni, na wanafunzi wengi wa skuli zetu wameshapelekwa huko kujifunza. Walimu mnaonisikiliza, ulizieni nafasi. Na wewe ambaye tayari una anemoni ndani ya tangi, usimrudishe baharini kwa siri. Angalia leo usiku kabla hujalala: mdomo wa pampu umeufunika kwa wavu? Kama bado, kipande cha sponji kinatosha.